Tafakari ya Wiki: Mayai Kwenye Gome la Mwaloni



Jumamosi iliyopita, mara baada ya Misa ya asubuhi, tulitoka nje wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akiwa na kisu butu mkono mmoja na kopo la maji ya sabuni mkono wa pili, tukaizunguka miti ya uwanja wa kanisa na ya nyumba za jirani. Kazi yetu ilikuwa kukwangua mayai ya wadudu yaliyogandamana na magome. Tuliifanya kwa muda wa saa mbili, na hesabu ya mwisho ilikuwa mafungu mawili tu ya mayai. Mmoja wa watumishi wa altare, kijana ambaye vidole vyake vilikuwa vimekwisha kufa ganzi kwa baridi, alituuliza kwa adabu kabisa: "Baba Paroko, hivi kweli tumetumia Jumamosi yetu kwa ajili ya mafungu mawili?"

Swali lake ni la haki. Mwaka 2016, mambo haya yalipotupata, yeye alikuwa bado akibebwa mgongoni, na wazazi wake hawakuwa wamehamia mtaa huu. Tumeona vema kumjibu hapa, ili na wengine waliojiunga nasi baadaye wapate kujua kwa nini kila mwezi wa Novemba tunatoka na visu na makopo. Tunaomba msamaha mapema, kwa maana habari hii haiwezi kuelezwa kwa ukweli bila kulitaja kosa letu wenyewe.

Kwa faida ya wasomaji wetu walioko nyumbani Afrika Mashariki na Kongo, parokia yetu iko katikati ya jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, si mbali na mji wa Worcester. Waamini waliozaliwa Kenya, Tanzania na Kongo husali pamoja na wenyeji wa hapa. Nyumba za mtaa wetu ni za mbao, na juu ya mapaa yake imesimama mialoni mirefu, mingine yenye umri kuliko nyumba zenyewe. Miti hiyo hupunguza joto la kiangazi, huzuia upepo wakati wa theluji, na mti mkubwa ukifa kando ya nyumba, kuukata huhitaji mafundi wenye kamba na mashine, na gharama yake humlemea mtu wa kipato cha kawaida. Kwa hiyo mtu anayepoteza mwaloni hapa hupoteza kivuli pamoja na akiba yake.

Adui wa mialoni hiyo ni kiwavi wa nondo ambaye wataalamu humwita Lymantria dispar. Jina lake la kawaida la Kiingereza lilikuwa neno linalowadhalilisha Waroma, na mwaka 2022 wataalamu wa wadudu nchini Marekani walilibadilisha, wakamwita kwa jina lenye maana ya nondo wa sifongo. Sababu ya jina hilo ni mayai yake. Jike mmoja hutaga fungu moja, ambalo kwa kawaida huwa na mayai mia tano hadi elfu moja, kisha hulifunika kwa vinyweleo vya mwili wake, likawa na rangi ya hudhurungi iliyofifia na kuonekana kama kipande cha sifongo kilichobandikwa kwenye gome. Fungu hilo hutagwa wakati wa kiangazi, hukaa hapo miezi yote ya baridi, na mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, mialoni inapoanza kutoa majani, viwavi wadogo weusi hutoka, hupanda hadi kileleni, hujining'iniza kwa uzi mwembamba na kupeperushwa na upepo kutoka mti hadi mti, kutoka ua hadi ua. Mpaka wa kiwanja hauwazuii.

Katika mwaka wa kawaida hakuna anayewatambua. Lakini ukame wa mwaka 2015 na 2016 uliwapa nafasi, kwa sababu ambayo tutaieleza mbele kidogo, na katika mwezi wa Juni 2016 waliongezeka kupita kiasi. Mwaka ule peke yake katika jimbo hili walitafuna majani ya misitu yenye ukubwa wa ekari 350,000 hivi. Tunakumbuka sauti yake. Ukisimama chini ya mwaloni wakati wa jioni ulisikia kama manyunyu ya mvua, ukaangalia juu ukaona anga ni safi. Kilichokuwa kikidondoka ni kinyesi cha viwavi. Ngazi za kanisa zilikuwa zikifagiliwa mara tatu kwa siku. Watoto walitokwa na vipele mikononi na shingoni kwa sababu ya vinyweleo vyao. Ilipofika katikati ya Juni, mialoni yetu mitatu ilikuwa tupu kama ilivyo mwezi wa Januari, na jua la kiangazi likapiga moja kwa moja juu ya paa.

Mama mmoja wa parokia yetu, mzaliwa wa Kisangani, alituchekesha siku zile. Kwao viwavi ni chakula cha heshima, hukaushwa na kuuzwa sokoni, na alipoona wingi ule alisema kwamba Mungu ametuletea mboga nasi tunalalamika. Alimwokota mmoja, akamgeuza, akaona vile vinyweleo vyake virefu, akamtupa chini na kusema kwamba huyu hata kuku wa kwao angemkataa. Ni kicheko pekee tunachokikumbuka katika mwezi ule.

Sasa tulieleze kosa letu. Uzio wa nyuma wa kanisa umepakana na nyumba ya mzee mmoja, mwenyeji wa hapa, asiye wa dhehebu letu, ambaye wakati huo alikuwa na mizinga mitano ya nyuki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na uhusiano wetu naye ulikuwa wa kusalimiana kwa mkono kutoka mbali. Katika wiki ya tatu ya Juni, tulipokwisha kuagiza mtu wa kuja kupuliza dawa kali ya kuua wadudu, mzee alipata habari, akaja hadi mlangoni. Alituomba mambo mawili. Kwanza, tusubiri, kwa maana viwavi walikwisha kuwa wakubwa, na baada ya wiki mbili hivi wangeacha kula wenyewe na kujifunga ili wageuke nondo. Pili, kama ni lazima tupulize, tumjulishe siku na saa ili afunge mizinga yake, kwa sababu nyasi chini ya miti yetu zilikuwa zimejaa maua meupe ambayo nyuki wake waliyapenda.

Tulimsikiliza, tukamshukuru, na hatukufanya hata moja kati ya hayo mawili. Tulikuwa na hasira. Tulikuwa tumechoka kufagia, waamini walikuwa wakinung'unika, na tulitaka kuona viwavi wakianguka. Mpulizaji alikuja siku ya Alhamisi mchana kweupe, nyuki wakiwa mauani, na sisi hatukumpelekea mzee taarifa yoyote. Viwavi kadhaa walianguka kweli, nasi tukaridhika. Asubuhi iliyofuata mzee alitukuta tukifungua kanisa, akatuomba tusogee hadi kwenye uzio. Mbele ya kila mzinga palikuwa na nyuki waliokufa kama pumba zilizomwagwa kinuni. Hakupandisha sauti. Alituonyesha, kisha akarudi ndani.

Wahenga walisema hasira hasara, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini hasara ile haikuwa mwisho wa kosa letu. Tulijua kwamba tunapaswa kwenda kuomba msamaha siku ile ile. Tukasema tumwache kwanza apoe. Kisha ikaja kazi ya semina ya vijana, kisha likizo, kisha mwanzo wa mwaka wa katekesi, na kila wiki iliyopita iliifanya safari ya hatua arobaini kuwa ndefu zaidi. Tukaanza kuegesha gari upande wa mbele ili tusipite kando ya uzio wake. Sisi tunaowafundisha wengine wasilale na kinyongo, tulikaa miezi mitano bila kumtazama jirani usoni.

Katika miezi ile, labda kwa kutafuta cha kujifariji, tulianza kusoma habari za kiwavi huyu, nazo hazikutufariji. Asili yake si Amerika. Aliletwa kutoka Ulaya na Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, mchoraji aliyependa wadudu, aliyekuwa akiishi katika mji wa Medford, jirani kabisa na Boston. Alikuwa na ndoto ya kupata wadudu wa kutengeneza hariri. Mnamo mwaka 1868 au 1869 baadhi ya wadudu wake waliponyoka kutoka katika nyumba yake ya mtaa wa Myrtle. Yeye mwenyewe aliona hatari na inasimuliwa kwamba alitoa taarifa, lakini hakuna aliyeshughulika. Trouvelot akageukia nyota, akapata sifa kwa michoro yake ya anga, na mwaka 1882 akarudi Ufaransa. Kwa miaka kama kumi hivi wadudu wake walikuwa kero ya nyumba chache tu za mtaa ule. Kisha, mwaka 1889, Medford ikafunikwa. Viwavi walitambaa juu ya kuta, wakajaa njiani, wakaingia ndani ya nyumba, na watu wakawa wakiwafagia kwa mafagio na kuwachoma moto.

Mwaka 1890 serikali ya jimbo ilianza vita rasmi. Kwa miaka kumi watu waliajiriwa kukagua mti kwa mti, kukwangua na kuharibu mayai, kufunga vitambaa kwenye mashina na kupuliza sumu. Kazi ile ilifanikiwa kiasi kwamba ilipofika mwaka 1900 viwavi walikuwa wachache mno, na wananchi wakauliza kwa nini fedha zao zinatumika kumwinda mdudu asiyeonekana. Bunge la jimbo likakata fedha. Haikupita miaka mitano, mdudu akarudi kwa nguvu, na wakati huo akawa amekwisha kuvuka na kuingia majimbo ya jirani. Hakuweza tena kurudishwa nyuma. Mwaka 1981 alitafuna majani ya karibu ekari milioni 13 za misitu ya Marekani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulipousoma ukurasa ule wa mwaka 1900 tuliona kwamba ufa ulikuwa umezibwa karibu wote, kisha mafundi wakarudishwa nyumbani.

Tulisoma pia habari za dawa zilizotumika kwa hasira. Mwaka 1893 ilitengenezwa sumu ya risasi na aseniki kwa ajili ya mdudu huyu, ikatumika kwa miongo mingi mashambani na mitaani, na mabaki yake hayaozi. Mwaka 1906 aliletwa nzi kutoka Ulaya ambaye funza wake huishi ndani ya viwavi na kuwaua. Lakini nzi huyo hakuchagua, akawashambulia pia viwavi wa nondo wakubwa wa kienyeji, wale wazuri wenye mabawa kama kitambaa cha kanga, na hadi leo wamepungua sana katika eneo hili. Mwaka 1957 ndege za serikali zilimwaga DDT juu ya ekari zipatazo milioni 3, zikipita juu ya bustani, mabwawa ya samaki na malisho ya ng'ombe. Wakazi wa Long Island, New York, walikwenda mahakamani kupinga. Walishindwa kesi, lakini malalamiko yao yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma Rachel Carson kuandika kile kitabu chake maarufu cha mwaka 1962 kuhusu madhara ya viuatilifu. Katika kurasa zote hizo tulijiona wenyewe, tukiwa na mpulizaji wetu wa Alhamisi.

Ndipo ikafika Jumamosi ya kwanza ya Novemba 2016. Tulikuwa dirishani tukinywa chai, tukamwona mzee akiwa amepiga goti upande wetu wa uzio. Alikuwa na kisu cha kupakia rangi na kopo, naye alikuwa akikwangua mbao za uzio wetu. Mwanzoni tulidhani anaharibu kitu, na tunakiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa ni kisasi. Tulipotoka nje tuliona kwamba uzio ule, ambao tulikuwa tumeupita mara mia, ulikuwa umejaa mafungu ya mayai upande wa chini wa kila ubao. Tulimuuliza kwa nini anafanya kazi ile kwetu. Akajibu bila kuinua macho kwamba alikwisha kumaliza kwake, na kwamba mayai ya kwetu mwezi wa Mei yatakuwa viwavi wa kwake.

Tulipiga magoti kando yake. Tulimwomba msamaha kwa ajili ya nyuki, na kwa ajili ya ile miezi mitano, ambayo pengine ilimuumiza zaidi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba nyuki wengine huletwa kwa posta, jambo ambalo hatukuwa tukilijua, akatupa kisu chake, akaenda kwake kuchukua kingine.

Tangu siku ile mzee akawa mwalimu wetu. Alitufundisha kwamba mayai yasikwanguliwe na kuachwa chini, kwa maana yataanguliwa pale pale ardhini. Ni lazima yaangukie ndani ya kopo, yaloweshwe katika maji ya sabuni kwa siku mbili, ndipo yatupwe. Alitufundisha kutafuta pale ambapo jicho halifiki kwa urahisi: chini ya matawi manene, ndani ya mianya ya magome, chini ya viti vya bustani, kwenye rundo la kuni, hata chini ya gari lililoegeshwa muda mrefu. Wakati wa Majilio tulitangaza kanisani, na nyumba kwa nyumba mtaa wote ukaingia kazini, wenye imani yetu na wasio nayo. Majirani ambao tulikuwa hatujui hata majina yao walitukaribisha nyuma ya nyumba zao. Tulijaza ndoo.

Tusidanganyane kwamba visu vilimaliza tatizo. Mwaloni wa hapa huweza kufika urefu wa nyumba ya ghorofa sita, na mayai mengi hukaa juu ambako ngazi zetu hazifiki. Mwezi wa Mei 2017 viwavi walitoka tena kwa wingi, na mwaka huo jimboni waliharibu majani ya zaidi ya ekari 900,000. Lakini tulikuwa tumejiandaa. Duka moja la kukaanga kahawa lilitupa magunia yake matupu, mengine yakiwa na maandishi ya kahawa ya Kenya, jambo lililowafurahisha sana wazee wetu. Tulifunga vipande vya gunia kuzunguka mashina kwa kamba katikati, kisha tukakunja sehemu ya juu ikashuka kama sketi. Kiwavi mkubwa wa aina hii hula usiku, na mchana hushuka kutafuta kivuli. Hukuta gunia, hujificha chini yake. Kila alasiri watoto wa Utoto Mtakatifu walifunua magunia wakiwa wamevaa glovu, wakawatia viwavi ndani ya ndoo za sabuni. Kwa miti miwili iliyo karibu na nyumba ya mgonjwa mmoja tulitumia dawa yenye bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, ambayo haina madhara kwa watu wala nyuki. Dawa hiyo hufaa mapema, viwavi wakiwa bado wadogo, nayo huua pia viwavi wengine wasio na hatia, kwa hiyo hatukuipuliza kila mahali. Siku ilipangwa pamoja na mzee.

Kisha ikanyesha mvua. Hapa ndipo tulipoelewa habari ya ukame. Kuna kuvu mmoja, mwenye asili ya Japani, ambaye huwaua viwavi hawa, naye huhitaji unyevu wa mwezi wa Mei na Juni. Alijaribiwa karibu na Boston mnamo mwaka 1910 na 1911, akaonekana ameshindwa, akasahauliwa. Mwaka 1989 wataalamu wakashangaa kumkuta akifanya kazi katika misitu ya Connecticut na majimbo jirani. Ukame wa 2015 na 2016 ulimnyamazisha. Mvua za mwaka 2017 zilimwamsha, na katika wiki za mwisho za Juni tuliona viwavi wakining'inia kwenye magome, vichwa chini, wamekauka. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Kazi iliyotushinda sisi ilifanywa na kitu ambacho macho yetu hayakiwezi kukiona, na ambacho watu wa miaka ya 1910 walikikatia tamaa.

Kwa mialoni yetu mitatu msaada ule haukutosha wote. Mti wenye afya uliotafunwa mara moja hutoa majani mapya mwezi wa Julai, kwa gharama ya akiba yake. Ukitafunwa miaka miwili au mitatu mfululizo, na ukame ukiongezeka, huchoka. Yule mkubwa kuliko wote, uliokuwa mbele ya mlango wa kanisa, ulitoa majani machache mwaka 2018, na kufikia Agosti ukawa mkavu. Tulimkumbuka yule mtunza shamba wa mizabibu katika Injili aliyeomba mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya mtini, nasi tukaumwagilia maji na kuusubiri. Haukuamka. Ulikatwa mwaka 2019, na waliofunga ndoa chini yake walikuja kuchukua vipande vya mti kwenda navyo nyumbani. Miwili iliyobaki, ile tuliyoifunga magunia na kuinywesha maji wakati wa kiangazi, iko hai hadi leo. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba ni kazi yetu iliyoiponya. Tunajua tu kwamba hatuisikitikii kazi ile.

Mwaka huo huo wa 2018 mzee alileta mizinga miwili mipya. Alifariki dunia wakati wa baridi miaka kadhaa baadaye, na kwa ombi la watoto wake tulisimama kaburini pamoja nao. Mizinga yake sasa inatunzwa na binti wa yule mama wa Kisangani, ambaye mzee alimfundisha mwenyewe, naye huweka chupa ya asali mlangoni kwetu kila mwaka.

Sasa turudi kwa kijana wetu na mafungu yake mawili. Mwanangu, mafungu mawili ni mayai elfu moja au hata elfu mbili. Lakini hatutaki kukujibu kwa hesabu peke yake. Mwezi wa Juni, kiwavi akiwa mkubwa na mti ukiwa mtupu, kila mtu yuko tayari kupigana, na ndio wakati ambapo mapigano husaidia kidogo na kuumiza wengi. Mwezi wa Novemba, anapokuwa doa tu kwenye gome, hakuna anayetaka kutoka nje, na ndio wakati ambapo kisu butu na kopo la sabuni vina nguvu. Wananchi wa mwaka 1900 waliuliza swali kama lako, wakajibiwa vibaya. Sisi tulijifunza jambo hilo hilo kwa njia ya jirani: neno moja la kuomba radhi siku ya Ijumaa ile lingetosha, nasi tukaliacha likae miezi mitano mpaka likawa kazi ya kupiga magoti.

Kwa wale wanaoishi maeneo haya, tunaomba mfanye hivi. Kuanzia sasa hadi Aprili, kagueni miti, uzio na kuni, mkwangue mayai ndani ya maji ya sabuni. Mwishoni mwa Mei fungeni magunia kwenye mashina, na myafunue kila siku, la sivyo yatakuwa nyumba nzuri ya viwavi. Kiangazi kikiwa kikavu, wekeni maji taratibu chini ya miti iliyotafunwa. Mkiona kwamba dawa ni lazima, iwe ile ya bakteria, iwe mapema, na mmwambie jirani kabla. Kama kuna jirani ambaye hamjazungumza naye kwa muda, kisu cha kukwangulia ni kisingizio kizuri cha kubisha hodi.

Tutakutana tena Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, kwenye uzio wa nyuma. Chai ya moto itakuwapo. Tunawatakia nyote wiki yenye amani na baraka tele.